Niamshe Majina Yakianza

Nyumba yangu ina milango miwili na viti mia nne, lakini wageni wangu hawaoni kitu mpaka nizime taa. Ni nini?

Kitendawili hicho Mzee wa Mikanda alimtegea kila mwanaume aliyekuja kuuliza habari za binti yake. Wa kwanza alisema ni kaburi, akapewa maji ya kunywa na njia ya kurudi kwao. Wa pili alisema ni ndoto, akaongezewa soda kwa sababu alikaribia. Wa tatu alikuwa Mpangaji. Yeye hakukuna kichwa. Alitazama pazia jekundu lililoning'inia dirishani, zito, limefifia pembeni, akasema, "Jumba la sinema, mzee."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Dada!" akamwita dada yake mkubwa, shangazi wa binti, aliyekuwa jikoni. "Lete kile kiti chenye mgongo. Huyu ni mtu wa kukaa!"

Laiti mazungumzo yangeishia hapo.

"Na kazi yako nini, baba?"

"Napanga ratiba za filamu, mzee. Kwenye chaneli za filamu."

"Zile za kulipia? Za madishi?"

"Ndizo hizo."

Kicheko kilikatika kama mkanda uliochakaa. Kiti kilikuwa kimekwisha kufika mlangoni, kimebebwa na Shangazi kwa mikono miwili. "Kirudishe, Dada," mzee akasema. Kisha akamgeukia mgeni. "Simama. Toka. Na kizingiti hicho usikivuke tena mpaka nikuite mwenyewe, kwa mdomo wangu huu."

Miezi saba ilikuwa imepita, na mdomo ule haukuita. Sasa mdomo wenyewe ulikuwa umekauka na kupasuka, na binti yake, Tiketi, alikuwa akiulowanisha kwa pamba.

Jina la Tiketi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Lilimpata akiwa na miaka mitano, alipokuwa akikaa mapajani kwa mama yake kwenye kidirisha cha jumba la sinema na kuwachania watu tiketi zao. Mama alikuwa muuza tiketi, baba mwendesha mashine ya filamu juu kwenye kichumba chenye joto, na mtoto akakua katikati yao, chini ya ngazi. Mama akafa. Jumba nalo likafa. Watu walinunua ving'amuzi, wakakaa majumbani mwao na filamu zao, viti mia nne vikabaki na watu kumi na mmoja. Siku moja, katikati ya onyesho, mwenye jumba alipanda ngazi na kusema, "Zima, fundi. Nimeshauza. Watu siku hizi wana sinema zao kitandani." Jengo likawa ghala la matairi. Mzee alichotoka nacho ni pazia jekundu tu, na ndilo hilo Tiketi alilolikata, akashona la dirishani kwao, akajifunzia cherehani, mpaka akawa fundi wa mapazia mwenye duka lake.

Ni pazia pia lililomleta Mpangaji. Aliingia dukani akasema, "Nataka pazia ambalo mchana haupiti." Tiketi akaacha mkasi. Maneno yale aliwahi kuyasikia kwa mtu mmoja tu duniani: baba yake.

Usinilaumu basi nikikwambia kwamba Tiketi alipima dirisha la chumba cha kutazamia filamu, kazini kwa Mpangaji, mara tatu, wakati mara moja ilitosha.

Kule kazini kwake, Mpangaji alimweleza, chaneli kubwa ya filamu mpya wafanyakazi wanaiita Mama. Mama ana watoto: Mapenzi, Vitisho, Vicheko na Kale. Halafu kuna Pacha, ambayo haina filamu hata moja iliyo yake. Pacha huonyesha kila kilichoonyeshwa na Kale, saa moja baadaye, kwa ajili ya waliochelewa. Kale hakuna mkubwa aliyeitaka. Mpangaji ndiye aliyeilea, kama mtu anayelea yatima, akipekua makasha ya filamu ambazo kampuni ilizinunua kwa mafungu bila hata kuzitazama.

Na katika kasha mojawapo, wiki mbili zilizopita, akaikuta *Daraja la Mto Mkavu*, akaipanga kwenye Kale, Alhamisi saa nane mchana.

Ilikuwa ile ile. Filamu ambayo mzee aliamriwa kuizima. Ilikuwa na mikanda saba, na jioni ile ilikuwa onyesho lake la kwanza. Mzee aliendesha sita. Wa saba ulibaki kwenye kopo lake. Miaka kumi na tisa alikuwa hajui mwanamke wa darajani aliishia wapi.

Tiketi alipompa baba yake habari hiyo, mzee aligeukia ukuta. Siku ya tatu akauliza, bila kugeuka, "Hicho king'amuzi, kinakaaje?"

Basi kikaletwa. Shangazi alikiazima kwa jirani pamoja na runinga yake, akakibeba kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

"Nyoka ameingia nyumbani kwangu," mzee akasema, "na bado amevaa waya."

"Nyamaza wewe," Shangazi akajibu. "Umemwita mwenyewe."

* * *

Alhamisi asubuhi muuguzi alikuja, akasikiliza mapafu ya mzee, akamvuta Shangazi mlangoni. "Kama kuna ndugu wa mbali," alisema, "waiteni leo."

Shangazi hakuwaita. Alijua ndugu wakija watakuja na meza ya maneno, na juu ya meza hiyo atakuwa Tiketi. Jumamosi ilikuwa siku ya jibu. Mwenye duka la vigae, mgane mwenye gari na watoto watatu, alikuwa amekwisha kutuma watu mara mbili kumposa Tiketi, na ukoo ulikuwa umekubali kabla hata ya kuulizwa. Kitu kimoja tu ndicho kingeweza kuwazuia: neno la mzee mwenyewe. Akisema amemridhia Mpangaji, hakuna ambaye angefungua mdomo. Asiposema, lile la zamani ndilo neno.

"Mwanangu," Shangazi alimnong'oneza Tiketi jikoni, "mimi simtaki huyo mtu wa madishi. Sikufichi. Lakini baba yako akisema ndiyo, nikasikia mimi au ukasikia wewe, basi. Nitasimama mbele yao wote."

"Na asiposema?"

"Utakaa kwenye vigae. Vinapoza miguu." Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa.

Saa nane kasorobo mchana, mzee akataka pazia lifungwe. Tiketi alilivuta, chumba kikawa chekundu, kisha cheusi. Wakamkalisha juu ya mito mitatu.

"Nani anakohoa huko nyuma?" mzee akauliza.

"Ni wewe mwenyewe, Baba."

"Basi nimtoe nje." Akatabasamu. Ndilo lilikuwa tabasamu lake la kwanza wiki ile.

Filamu ikaanza. Mwanamke analinda daraja la chuma juu ya mto usio na maji. Mumewe amevuka kwenda kutafuta kazi, amesema atarudi kabla ya mvua. Mwanamke ana kibanda, taa, na ufunguo unaotundikwa msumarini. Kila anayevuka anaulizwa swali moja: umemwona?

"Sasa atavunja kikombe," mzee akasema. Kikombe kikavunjika. "Sasa mbwa." Mbwa akatokea.

"Kama unaijua yote, sisi tunakaa gizani kwa ajili ya nini?" Shangazi akalalamika. Lakini dakika tano baadaye alikuwa amekisogeza kigoda chake. "Huyo anayemletea barua ni mwongo. Mtazameni macho."

Tiketi hakutazama filamu sana. Alitazama mkono wa baba yake. Kwenye filamu za zamani kuna kidoa cheusi kinachopita juu pembeni, mkanda mmoja unapokaribia kwisha, cha kumwambia mwendesha mashine awashe mashine ya pili. Watazamaji hawakioni. Mzee alikiona. Kila kilipopita, mkono wake wa kulia uliinuka juu ya shuka, ukageuza kitu kisichokuwepo, ukashuka. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya sita uliinuka ukabaki hewani.

"Mkanda wa saba," alisema kwa sauti ya mtoto. "Huu sijawahi kuuona."

Mvua ilinyesha kule kwenye kioo. Mto ukajaa. Mwanamke akangoja siku ya kwanza, ya pili. Asubuhi ya tatu akafagia kibanda, akazima taa, akatundika ufunguo msumarini, akavuka daraja kwenda upande wa pili bila kugeuka. Muziki ukapanda. Daraja likabaki tupu. Na pale chini ya kioo, majina yakaanza kupanda polepole, na mbali kabisa nyuma ya kibanda, upande ule alioutoka mwanamke, kikatokea kitu cheusi kidogo kinachotembea.

"Kuna mtu," mzee akasema. "Tiketi, kuna mtu anakuja."

Hapo hapo picha ikaruka. Ikanywea, ikawa kijisanduku cha ukubwa wa kiberiti kwenye kona, na kioo chote kikajaa rangi na sauti ya mwanamke mwenye furaha: "Usiondoke! Kinachofuata hapa Kale, vicheko visivyozeeka!" Watu walidondoka kwenye madimbwi. Kijisanduku kilipepesa mara mbili tatu, kikazimika.

Shangazi alitazama sakafu.

"Mmeona?" mzee akasema hatimaye. "Mmewaona? Wanamkata mtu akiwa njiani." Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa nguvu. "Mimi sikuwasha taa hata siku moja kabla ya jina la mwisho. Umekula kwa watu, unaondoka bila kuwajua waliopika? Na huyo kijana wako ndiyo kazi yake. Kukata."

"Baba, hakukusudia. Nina hakika..."

"Vueni huo waya. Kitoeni nje hicho king'amuzi."

* * *

Tiketi alipiga simu akiwa amesimama uani, kati ya kamba za nguo. Mpangaji alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Ameona?" alisema. "Niambie, ameona mpaka mwisho? Nilitoa matangazo yote, Tiketi. Filamu nzima, sikuweka hata moja. Niliandika *isikatwe* kwa wino mwekundu."

"Mmeibana."

"Nini?"

"Majina yalipoanza. Mmeifanya kijisanduku mkaleta mtu anadondoka dimbwini. Kulikuwa na mtu anakuja, hatukumwona ni nani."

Upande wa pili alisikia kiti kikigonga ukuta.

"Mashine hubana yenyewe," Mpangaji akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Kila filamu, majina yakianza, inabana ili watu wasihame. Miaka saba, Tiketi. Hakuna aliyewahi kulalamika. Nilikuwa hapa natazama, nikaona imebana, nikaona ni sawa! Jicho langu limezoea. Nimekaa hapa, nimetazama, nikasema, imekwisha salama." Alivuta pumzi. "Amesema nini?"

"Amesema kazi yako ni kukata."

"Ni kweli."

"Mpangaji..."

"Ngoja. Saa ngapi hapo? Saa kumi na dakika tatu. Sikiliza. Pacha iko nusu ya filamu. Mwisho haujafika kule. Nina muda wa kuiambia mashine isibane. Nitaifanya kwa mkono."

"Watakuruhusu?"

"Hilo tangazo la kwenye majina limeuzwa. Hapana, hawataniruhusu." Tiketi alisikia vitufe vikibonyezwa. "Mwambie anisubiri. Chini ya saa moja tu. Mwambie namwomba."

Tiketi alirudi ndani. Shangazi alikuwa amepiga magoti, ameshika waya, hajauvuta.

"Acha, Shangazi." Akakaa kitandani, akaushika ule mkono wa kulia. "Baba. Kitendawili."

Mzee alifumbua jicho moja. Hata akiwa anakufa, mtu yule asingeweza kuliacha neno hilo likapita. "Tega."

"Mapacha wangu wamezaliwa kwa mama mmoja. Alilofanya wa kwanza, wa pili hulifanya vile vile. Lakini wa kwanza akikosea, wa pili ana nafasi ya kutubu."

Mzee alifikiri. Midomo ilitembea. Saa ya ukutani ilihesabu. Miaka yote hiyo Tiketi hakuwahi kumwona baba yake akishindwa kitendawili.

"Nakupa mji," mzee akasema.

"Mimi sitaki mji, Baba. Nataka chini ya saa moja." Akamweleza. Alimweleza Pacha ni nini, na kosa lilitokeaje, na kwamba Mpangaji alitazama kwa macho yake na hakuona. Hakumtetea. Alisema tu kama ilivyokuwa.

"Hakuona," mzee akarudia.

"Hakuona. Amezoea."

"Mimi pia nilizoea. Mama yako alikonda mbele yangu mwaka mzima, nikasema ni joto la kidirishani." Alifumba jicho. "Kumbe pacha wa pili ndiye mwenye bahati. Mimi nilikuwa pacha wa kwanza."

"Utamsubiri?"

"Nimengoja miaka kumi na tisa. Weka hiyo Pacha."

Mwanamke yule yule akarudi kwenye kioo, katikati ya mkanda wa nne, akimuuliza mtu yule yule: umemwona? Shangazi alisema safari hii barua ile asiipokee, akaipokea tena. Kidoa kikapita. Mkono wa mzee ukainuka, ukageuza, ukashuka.

"Bado yumo," Shangazi akasema taratibu, na Tiketi hakumuuliza alikuwa anamsema nani.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Pumzi ya mzee ilikuwa ikija kwa mafungu. Ikija, inakaa. Ikienda, inachelewa. Tiketi alijikuta anahesabu mpaka nane, mpaka kumi, kabla ya nyingine kuja. Kidoa cha tano kikapita. Mkono ukainuka nusu tu, ukageuza, ukaanguka.

"Shangazi, mpigie muuguzi," Tiketi akasema.

Shangazi alitoka haraka kwenda uani kutafuta mtandao. Wakabaki wawili, na mvua ya kwenye kioo ilikuwa bado haijaanza.

"Baba."

"Mm."

Neno lilikuwa limemfika shingoni. Umemridhia? Sema ndiyo, Baba, sema mara moja tu, hata kwa kichwa. Lakini alimwona anavyoitafuta hewa, akaona ni kama kumdai mtu anayezama.

"Imefika wapi?" mzee akauliza. Macho yalikuwa yamefumba.

"Barua ya pili. Anaikunja."

"Bado dakika ishirini na kitu." Alihesabu vizuri hata hapo. "Nimechoka, Tiketi. Nalala kidogo. Niamshe majina yakianza."

"Nitakuamsha."

"Usiwashe taa."

"Siwashi."

Alilala. Mwanamke alikunja barua, akaiweka chini ya taa. Anga ikawa nyeusi. Kisha kidoa cha sita kikapita juu pembeni, kidogo, cheusi, wazi kabisa.

Mkono haukuinuka.

Tiketi aliutazama. Alijisemea pengine hakukiona, macho amefumba. Lakini mara zote zile hakuwa akikitazama, alikuwa akikijua. Aliuchukua mkono ule akauinua yeye mwenyewe, akaugeuza kama alivyoona ukigeuzwa tangu utotoni, akaushusha juu ya shuka. Akaendelea kuushika. Hakulia. Alikuwa ameahidi kumwamsha majina yakianza, na majina yalikuwa hayajaanza.

Mvua ikanyesha. Mto ukajaa. Kibanda kikafagiliwa, ufunguo ukatundikwa, mwanamke akavuka asigeuke.

Majina yakaanza kupanda. Picha haikuruka. Haikunywea.

"Baba," Tiketi akasema. "Majina."

Kule nyuma ya kibanda yule mtu, bado mdogo kama kidoa, alikuwa anakuja. Majina yalipita mbele yake, ya waliocheza, ya walioshona nguo, ya walioshika taa, naye anakuja tu, anakua. Alikuwa anachechemea, kama aliyezunguka njia ndefu. Alikuwa na mfuko begani na ndevu za miaka. Alifika kibandani akasimama. Akatazama taa iliyozimwa. Kisha akanyoosha mkono moja kwa moja msumarini, bila kutafuta, kama mtu anayejua ufunguo unakaa wapi, akafungua mlango.

"Alikuja, Baba," Tiketi akamnong'oneza sikioni. "Alichelewa, lakini alikuja."

Mlango wa chumba ukafunguka, mwanga wa jua ukaanguka hadi kitandani. Shangazi alisimama pale, simu mkononi, muuguzi ndiyo kwanza amepatikana. Alitazama mito. Hakuhitaji kuuliza. "Ndugu yangu," alisema. "Ndugu yangu wa tumbo moja." Akakimbilia dirishani kulifungua pazia, mlango ukajirudi nyuma yake.

"Bado!" Tiketi akapiga kelele. "Usifungue. Majina hayajaisha."

Shangazi akabaki ameshika pazia. Wakabaki hivyo, watatu gizani, mpaka jina la mwisho lilipopanda likatoka juu ya kioo. Ndipo Tiketi alipoinuka akawasha taa kwa mkono wake.

* * *

Mpangaji alikuwa nje muda wote majina yalipokuwa yakipanda. Shangazi alimkuta alipofungua mlango wa mbele kwenda kuwaita majirani. Alikuwa amesimama mgongo ukutani, chini ya dirisha, shati limelowa jasho, kitambulisho cha kazini hakipo shingoni. Alikuwa ameiondolea Pacha ile amri ya kubana, akaacha kitambulisho mezani, akaja mbio.

"Nimesikia muziki mpaka mwisho," alisema. "Haukukatwa. Ameona?"

Mpangaji akaona uso wa Shangazi, akavua kofia.

Tiketi akatokea nyuma ya shangazi yake. Kati yake na yule aliyempenda palikuwa na kizingiti cha saruji, upana wake mkono mmoja. Nyayo za Mpangaji zilikuwa zimefika kwenye ukingo wake, hazikupita.

"Tiketi," Shangazi akasema bila kugeuka, sauti chini. "Mlikuwa wawili tu humo. Jumamosi ndugu watakuja, na wataniuliza mimi. Baba yako alisema nini juu ya huyu?"

Tiketi alitazama kizingiti.

"Mwanangu, nisikilize vizuri." Shangazi alifuta macho kwa kiganja. "Mimi sikuwemo. Ukisema alimridhia, nitaamini. Sitauliza mara mbili. Nitasimama mbele ya ukoo mzima na kusema, ndugu yangu alitoa neno. Sema tu."

Neno lilikuwa moja, na jepesi. Tiketi alilisikia tayari likiwa mdomoni, likiwa na ladha ya maisha yote yaliyokuwa mbele yake: chumba cha watu wawili, pazia ambalo mchana haupiti, mtoto wa kumfundisha vitendawili. Akamtazama Mpangaji. Macho yake yalikuwa mekundu, yanamtamani kama yalivyomtamani siku ile dukani, na kwa kitambo kidogo aliona naye analisubiri neno lile lile.

Kisha Mpangaji akatikisa kichwa.

"Usimkate, Tiketi," alisema. "Nilishamkata mara moja. Mwache na mwisho wake."

Tiketi akamgeukia shangazi yake. "Alisema nimwamshe majina yakianza," akasema. "Na nisiwashe taa."

"Basi?" Shangazi akauliza.

"Basi."

"Hakusema lingine?"

"Hakusema lingine, Shangazi."

Shangazi alifumba macho. Aliyakaza kama mtu aliyebeba kitu kizito na sasa hana pa kukitua. Kisha akaingia ndani. Wakamsikia akivuta kitu jikoni. Tiketi na Mpangaji wakatazamana juu ya kizingiti. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Shangazi akarudi. Mikononi alikuwa na kile kiti chenye mgongo, kile kilichofika mlangoni miezi saba iliyopita na kurudishwa. Akampita Tiketi, akavuka kizingiti, akakiweka nje, kwenye saruji, miguu minne ikagonga chini.

"Kaa," akamwambia Mpangaji. "Alikukataza kuvuka. Hakukukataza kukaa."

Akaenda zake kuwaita majirani. Mpangaji akakaa, kofia magotini. Tiketi naye akajishusha taratibu, akakaa sakafuni upande wake wa ndani, bega lake kwenye mwimo wa mlango. Wakakaa hivyo, mmoja nje na mmoja ndani, taa zote za nyumba zikiwaka mchana kweupe, mpaka watu walipoanza kufika.